Kukodi Baiskeli Iringa: Anza na Hesabu ya Kurudi

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima kama kuku aliyeatamia mayai, mto Ruaha Mdogo ukipita chini yake. Ukitoka mjini kwa baiskeli kwenda kwenye maeneo ya historia ya Isimila au Kalenga unaanza kwa kuteremka. Upepo unakupuliza kifuani, miguu haina kazi, unajiona bingwa. Deni la mteremko huo hulipwa mchana, jua limekomaa, maji yamekwisha chupani, na mlima ule ule umesimama mbele yako. Wale ninaowaona wakisukuma baiskeli za kukodi kutoka Ipogolo, chini ya mlima, kupanda mjini, nyuso zimejaa vumbi na hasira, kosa lao hawakulifanya mlimani. Walilifanya asubuhi, pale walipokodi baiskeli ya kwendea.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina swali moja nyuma yake: hii itanirudisha?

1. Jua unakokwenda kabla hujatafuta baiskeli

Safari za siku moja zinazofaa kwa baiskeli ya kukodi kutoka mjini ni tatu.

Ya kwanza ni Gangilonga, ule mwamba mkubwa ulio ndani ya mji. Jina ni la Kihehe, maana yake jiwe linaloongea, na wenyeji husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda pale kutafakari. Ni safari fupi yenye kupanda. Baiskeli unaiacha chini, unamalizia kwa miguu, unauona mji wote umelala miguuni pako. Mimi huwaambia wageni waanze na Gangilonga jioni ya kuamkia safari yenyewe. Kama baiskeli imekushinda hapo, kesho usiende nayo mbali.

Ya pili ni Kalenga, kilometa 15 hivi kwa barabara ya Msembe, ile inayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ya tatu ni Isimila, kilometa 20 hivi, na huko unapita barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma. Tofauti ya kilometa 5 isikudanganye. Isimila ni ngumu zaidi kwa sababu ya malori, nitalieleza hilo mbele.

Wapo wanaotaka kuunganisha Kalenga na Mlambalasi, alipojiua Mkwawa tarehe 19 Julai 1898. Mlambalasi ni zaidi ya kilometa 40 kutoka mjini, kwenda tu. Kwa baiskeli usiyoijua, hiyo siyo safari ya siku moja. Panda gari. Vilevile usijaze Isimila na Kalenga katika siku moja ati kwa kuwa kwenye ramani zinatazamana. Ramani haina kiu.

2. Mahali pa kukodi

Usitegemee kukuta duka lenye kibao kikubwa na baiskeli zimepangwa mstari. Iringa baiskeli hukodiwa kwa kuulizana. Kuna nyumba za wageni na waongoza watalii wenye baiskeli chache za gia. Kuna mafundi baiskeli kwenye vijiwe vyao karibu na masoko. Na kuna mtu binafsi ambaye baiskeli yake imelala ndani, utaelekezwa kwake na muuza vocha.

Mimi humpa fundi nafasi ya kwanza. Nyumba ya wageni ina baiskeli nzuri kwa macho, lakini mara nyingi anayekukabidhi ni mhudumu wa mapokezi ambaye hajui kama tyubu ilibadilishwa mwezi uliopita au mwaka juzi. Fundi anajua ugonjwa wa kila baiskeli iliyoegemea ukuta wake. Kazi yako ni kumfanya akwambie.

Nenda jana yake, mchana, asipokuwa na foleni ya pancha. Salimia kwanza kwa Kihehe, naye atakuita mnyalukolo, yaani ndugu; usirushe swali ukiwa umesimama barabarani.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mnyalukolo. Pancha?"

"Hapana, natafuta baiskeli ya kukodi kesho, siku nzima. Nakwenda Kalenga na kurudi."

"Unataka ya gia au Phoenix?"

Hapo ndipo watu hubishana. Phoenix na ndugu zake, zile baiskeli nyeusi za chuma zenye karia nyuma, ni nzito, hazina gia, na mlimani utashuka usukume, hakuna ubishi. Faida yake ni kwamba ikiharibika mahali popote kati ya hapa na Nzihi, atatokea mtu wa kuitengeneza na vipuri viko. Baiskeli ya gia inapanda mlima kweli, lakini gia zikiwa zimekufa unabaki na Phoenix isiyokuwa na uimara wa Phoenix. Kauli yangu: ya gia, kwa sharti kwamba gia zote zinaingia. Kama zinarukaruka, chukua ile nyeusi na ukubali kutembea sehemu ya njia.

Ukifika muda wa kuchagua, muulize fundi hivi: "Ingekuwa wewe unakwenda leo, ungechukua ipi?" Kisha mwangalie anakotazama kabla hajajibu.

3. Ikague wewe mwenyewe

Hapa usiwe na haraka. Dakika kumi na tano za kijiweni zitakuokolea saa tatu za porini.

Anza na breki, kwa sababu Iringa inaanza na mteremko. Bana breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli kwenda mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka kidogo. Bana ya nyuma, sukuma tena: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Kama mkono wa breki unagusa usukani kabla breki haijashika, waya umelegea na fundi aukaze mbele yako. Angalia na zile raba za breki. Zikiwa zimeliwa hadi mistari yake haionekani, dai mpya; hakuna kipuri cha bei ndogo kuliko hicho chenye kazi kubwa kama hiyo. Kwa baiskeli zenye breki za vyuma badala ya waya, jua kwamba rimu ikilowa breki zinapungua nguvu sana. Siku ya mvua, shuka nayo ukiishika mkononi.

Somo hili nililinunua. Mwaka mmoja nilikodi baiskeli kwa haraka, breki ya mbele ilikuwepo kwa sura tu, nikateremka kuelekea Ipogolo nikitegemea ya nyuma. Katikati ya mteremko ile raba ikachomoka. Nilisimama kwa kuburuza viatu, soli ya kulia ikaisha, na mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaniuliza kwa upole kama nyumbani wanajua nilipo.

Baada ya breki, magurudumu. Inua mbele, zungusha gurudumu, tazama rimu inapopita kati ya raba za breki. Ikiyumba kushoto na kulia kama mlevi, spoku zimelegea au zimekatika. Zipapase moja moja kwa vidole. Iliyolegea utaijua kwa mlio wake. Kisha shika gurudumu juu, litikise kwa ubavu. Likicheza, gololi zimekwisha au nati haijakazwa.

Tairi litazame ubavuni zaidi ya mgongoni. Mgongo ukiwa umeisha kidogo utavumilia. Ubavu wenye nyufa na nyuzi zinazochungulia utapasuka ukiwa mbali. Jaza upepo hadi dole gumba likibonyeza kwa nguvu liingie kidogo tu, kisha iache baiskeli pale kijiweni, nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya nusu saa upepo umepungua, kuna tatizo. Kwa baiskeli za aina ya Phoenix, kabla hujalaumu tyubu, mwambie fundi aangalie kile kimpira chembamba kilicho ndani ya valvu. Kikizeeka kinavujisha upepo polepole, na watu wanabandika viraka visivyo na kazi. Omba kimpira cha akiba. Kinakaa mfukoni bila kukusumbua.

Mnyororo: uwe na mafuta, usiwe na kutu nyekundu, na ukiusukuma kwa kidole katikati ucheze kidogo tu. Uliolegea unachomoka mlimani, wakati huo huo ambao umesimama juu ya pedeli kwa uzito wako wote, na jeraha la hapo wanaume hawapendi kulisimulia.

Pedeli: zishike, zivute kwa nje. Mkono wa pedeli ukicheza, ile pini inayoushika imelegea, na hiyo haitafika Kalenga. Gongea, kaza, au chagua baiskeli nyingine.

Usukani: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma bila kuiachia. Ukisikia mgongano kwenye shingo, kaza. Kisha simama mbele, bana gurudumu kati ya magoti yako, jaribu kupinda usukani. Usipinde.

Gia: panda, zunguka mtaa mzima, ingiza zote moja baada ya nyingine. Unayoihitaji kuliko zote ni ile nyepesi kabisa, gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma. Wengine hujaribu gia tatu za kati wakatosheka. Ile nyepesi wanakuja kuigundua haiingii wakiwa wamefika mlimani.

Mwisho, kiti. Watu wengi hupanda baiskeli kiti kikiwa chini kama kigoda, magoti yanapigana na kidevu. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo wakati wa kuendesha, goti litabaki na mkunjo kidogo, na hapo ndipo nguvu ilipo. Kiti kilichopanda sentimeta tano tu kinabadilisha mlima.

4. Bei, amana na kitambulisho

Bei hupangwa kwa saa au kwa kutwa. Kwa safari hizi chukua kutwa, na mkubaliane kutwa ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Kwa mwingine kutwa huisha saa kumi. Bei zinabadilika, ila mimi nina kipimo changu: kutwa ya baiskeli isizidi nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi huko huko unakokwenda. Ikizidi, unalipia jina la utalii.

Kitambulisho cha NIDA usikiache. Mpe nakala, au namba ya simu ya mtu anayekufahamu mjini, au acha amana ya fedha. Kuacha kitambulisho halisi maana yake mgogoro wowote ukitokea mwenzako ndiye mwenye kisu na wewe ndiye mwenye mpini wa hewa.

Piga picha za baiskeli mbele yake: pande zote mbili, matairi, mikwaruzo, kiti kilichochanika. Siyo ugomvi, na fundi mwenye akili atafurahi. Kisha semeni kwa maneno ya wazi nani analipia nini. Desturi inayokubalika na wengi ni kwamba pancha ni ya mpandaji, na kipuri kilichokufa kwa uzee ni cha mwenye baiskeli. Mimi niliwahi kudaiwa tairi zima kwa mtu mmoja, tairi ambalo nililikuta limevaa raba ya ndani kama bandeji. Picha haikuwepo. Nililipa. Baada ya kusema hayo, mtumie ujumbe mfupi wa simu: "Nimechukua baiskeli yako leo, amana kiasi fulani, narudisha saa kumi na moja jioni, pancha juu yangu." Akijibu "sawa", mkataba umekamilika.

5. Mzigo

Pampu, viraka, gundi, msasa kidogo, vijiko viwili vya chakula vya chuma kwa kung'olea tairi, na spana ya gurudumu. Kwa mafundi wengi hivyo ni vitu vya kuazima. Omba, na uahidi kuvirudisha. Maji lita mbili kwa kila mtu, hata kukiwa na baridi. Iringa iko kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari: hewa ya ubaridi inakuficha jua, lakini jua linafanya kazi yake kimyakimya na jioni shingo inawaka. Kofia, helmeti kama utaipata, kizibao au shati la rangi inayoonekana kutoka mbali. Ndizi, karanga, chapati iliyobaki. Noti ndogo ndogo, na simu yenye salio la fedha, maana kiingilio cha maeneo ya historia mara nyingi hulipwa kwa simu. Dai risiti.

Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya kung'ata vidole, na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Vaa hata soksi mikononi, hakuna atakayekucheka isipokuwa watoto. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni masika, udongo unanata na kujaa kati ya tairi na madgadi mpaka gurudumu linagoma. Kata kijiti cha kuukwangua.

Masika hayo ndiyo pia msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Utakaribishwa. Onja ukishamaliza safari, kwa sababu ule utamu wake wa asubuhi hauna uhusiano na utakavyokuwa mchana, na breki hazijui kama umekunywa.

6. Kuteremka

Toka saa moja asubuhi. Mapema zaidi ya hapo, hasa Juni, bado giza halijaondoka vizuri na malori yanakuja yakiwa yamewasha taa machoni pako.

Kwenye mteremko, uzito wako upeleke nyuma kidogo ya kiti, mikono iwe milegevu, vidole viwe tayari juu ya breki. Tumia zote mbili kwa pamoja, bana na kuachia, bana na kuachia. Anayebana mfululizo kutoka juu hadi chini huchemsha rimu na kumaliza raba. Anayetumia ya mbele peke yake kwa ghafla atairuka baiskeli na kutangulia kufika.

Unaendesha kushoto. Ukingo wa lami mara nyingi uko juu kuliko kando ya barabara, kama kizingiti. Ukilazimika kutoka lami, toka polepole. Ukitaka kurudi, simama, inua baiskeli, panda upya. Wanaojaribu kuruka kizingiti kile kwa kukisugua kwa ubavu wa tairi huangukia ndani ya barabara, upande ambao gari linatokea.

7. Njia ya Kalenga

Hii ndiyo ninayompa mtu wa mara ya kwanza. Magari ni machache kuliko barabara kuu, watu wako wengi njiani, na kila baada ya muda kuna duka la soda. Hesabu saa moja na nusu kwa mwendo wa kusalimiana. Na salimia kweli. Ukimkuta mzee punguza mwendo, "shikamoo" ya mtu anayepita kama risasi haihesabiki. Ukikuta ng'ombe barabarani shuka, simama pembeni, mwache mchungaji afanye kazi yake. Kengele inawatisha na wakitawanyika utalaumiwa wewe. Ukikuta msiba unapita, shuka pia.

Kalenga palikuwa makao makuu ya Mkwawa, na ngome yake iliitwa Lipuli. Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894. Kilichobaki cha ukuta ni kidogo, usitarajie ngome ya kwenye picha. Kinachokupeleka ni makumbusho madogo ambamo limehifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa Ujerumani baada ya kifo chake na kurudishwa Juni 1954, Gavana Twining wa Tanganyika alipolikabidhi kwa Wahehe hapohapo Kalenga. Msikilize mwongozaji bila kumharakisha. Akikuonyesha Tosamaganga kule juu ya kilima, tazama kwa macho ya mtu wa 1894: inasimuliwa kwamba huko ndiko mizinga ya Wajerumani ilipopangwa. Mtu aliyekuja kwa baiskeli anaelewa haraka maana ya adui kukaa juu na wewe kukaa bondeni.

Baiskeli iache karibu na ofisi, ukimkabidhi mtu kwa jina. "Naomba unitazamie" aliyoambiwa kila mtu hakuna aliyeisikia.

Ondoka Kalenga saa tano au saa sita kasoro. Ukikaa hadi saa saba utapanda ukiwa ndani ya tanuri.

8. Njia ya Isimila

Barabara ni nzuri, lami laini, na hilo ndilo tatizo lake. Hii ndiyo barabara ya Zambia. Malori ya matrela yanapita usiku na mchana, mengine na shaba kutoka Zambia na Kongo, mengine na mafuta kwenda huko. Trela likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza unakusukuma pembeni, halafu mkia unapopita unakuvuta kuelekea barabarani. Shika usukani kwa nguvu kabla halijafika, usisubiri. Sheria yangu ni hii: nikiona lori mbele linakuja na kusikia lingine nyuma, natoka lami kabisa, nasimama, nasubiri yote yapite. Ni aibu ya sekunde kumi. Usiweke visikilizio masikioni. Masikio ndiyo kioo chako cha nyuma.

Kama moyo hautaki barabara hiyo, kuna njia ya kistaarabu: tafuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pale Ipogolo, pakia baiskeli, shuka kwenye kibao cha Isimila, kisha endesha ile njia ya vumbi inayoingia bondeni. Hakuna atakayekupunguzia sifa.

Isimila yenyewe inahitaji saa mbili, usiende kwa kuchungulia. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini aliokota zana za mawe kwenye korongo hili. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na Clark Howell wakachimba. Mawe hayo, mashoka ya mkono na mengine mapana kama mapanga mafupi, yanakadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi. Palipatikana pia mifupa ya aina ya kiboko iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Yaani hapa palikuwa na maji ya kutosha viboko, na leo wewe unahesabu mikupuo iliyobaki chupani.

Zana nyingi zimelala chini pale pale. Usiokote. Ukishaona zana, mwongozaji atakuteremsha hadi kwenye nguzo: udongo laini umeliwa na maji kwa miaka mingi, palipokuwa na tabaka gumu juu pakabaki, na sasa zimesimama nguzo ndefu kama watu walioitwa mkutanoni. Njia ya kushuka ina changarawe zinazoteleza, na kandambili ambazo hazikukusumbua kwenye pedeli zitakusumbua hapa. Vaa viatu.

Njia ya kuingilia ina miiba pembeni, kwa hiyo endesha katikati. Ukipata pancha, usichomoe mwiba kwa hasira. Kwanza weka alama kwenye tairi usawa wa mwiba, ndipo uchomoe, ufungue upande mmoja tu wa tairi kwa vijiko, uvute tyubu, tundu utaliona bila kutafuta beseni la maji. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Mwiba wa pili karibu kila mara upo.

9. Mlima wa mwisho

Kwa anayerudi kutoka Isimila, Ipogolo hadi mjini ndipo hesabu ya asubuhi inapofungwa. Pumzika chini, usianze mlima na moyo unadunda. Kula ile ndizi. Maji uwe umeyabakiza. Mimi hutenga nusu lita ambayo siigusi mpaka hapa.

Ingiza gia nyepesi ungali tambarare. Ukisubiri mpaka umeanza kupanda na pedeli zimekaza, mnyororo unaruka au unakatika. Kaa kwenye kiti, zungusha miguu kwa mwendo mdogo usiobadilika, tazama mita kumi mbele, usitazame kileleni. Pumzi ikikosa mpangilio, shuka usukume. Ukisukuma kaa kushoto kwa baiskeli, mbali na magari, baiskeli iwe kati yako na barabara.

Vijana hudandia malori yanayopanda polepole, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye usukani. Nimeona mmoja alivyoachia. Kama miguu imegoma, bajaji na kirikuu viko pale chini, na ukitaka kujadili bei usioneshe uchovu: futa uso kwanza.

10. Kurudisha

Fika kabla ya saa kumi na moja mliyokubaliana, kungali na mwanga wa kukaguana. Futa tope, jaza upepo. Kilichoharibika kiseme mwenyewe kabla hakijaonekana. Tairi lililozibwa litaje ni la mbele au la nyuma, kwa sababu kiraka cha porini mara nyingi kinahitaji kurudiwa na fundi. Toa picha za asubuhi ikiwa kuna mvutano. Rudisha pampu na vijiko, hesabu amana yako palepale, usikubali ya "pitia kesho".

Kisha mwambie kuhusu gia iliyokuwa ikiruka kule mlimani. Atakwambia alikuwa anajua.